Moshi wa Dodoma upimwe Dodoma

Alfajiri ya Julai, baridi ikiuma, simama stendi yoyote ya daladala Dodoma. Dizeli inawashwa; wingu jeusi linamfunika mama lishe anayekanda unga wa chapati.

Mji huu uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Injini kuukuu isiyo na turbo hukosa oksijeni, mafuta hayaungui yote, masizi yanatoka. Kataliti, yale masega ya kusafisha moshi ndani ya bomba, nayo haisafishi vizuri mpaka ipate moto, na safari zetu za mjini ni fupi mno.

Ulaya, tangu 2017, aina mpya za magari hupimwa zikiwa barabarani, hata kwenye miinuko ya hadi mita 1,300. Serikali yetu nayo imeshahamia hapa Dodoma. Ipime moshi hapahapa, ianze na magari yake.