Mtoto Mwenye Kansa Asiachwe Nyumbani



Wakati wa likizo kubwa, katika Julai na Agosti, watoto wa makanisa yetu ya Butembo na Beni hukusanyika kwa masomo ya Biblia, nyimbo na michezo. Lakini yuko mtoto anayebaki nyumbani, amekaa nyuma ya mlango. Nywele zake zimeanguka kwa sababu ya dawa, au shavu lake limevimba. Wazazi wanasema, "Huyu ni mgonjwa, mwacheni apumzike." Sisi twasema: si vema. Naye aende. Ila yeye na jamaa yake watayarishwe kwanza.

Katika nchi nyingine jambo hili limejaribiwa. Mwaka 1988 Paul Newman, mwigizaji wa filamu wa Marekani, alifungua kambi ya watoto wenye kansa na magonjwa mengine makubwa, na mwaka 1994 kambi ya namna hiyo ilifunguliwa huko Barretstown, Ireland. Kwetu neno "kambi" huwakumbusha watu askari na wakimbizi, wala hatuna majumba kama yale. Lakini kiwanja cha kanisa, sufuria ya maharagwe na mwuguzi mmoja vyatosha kuanza, hata kwa siku moja.

Kwa nini watu humficha mtoto? Wengine wanaogopa kuambukizwa. Tangu Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020 tumejifunza kuogopa kugusana. Lakini kansa si Ebola. Haitoki kwa mtoto kuingia kwa mwenzake. Kula naye, lala naye, mbebe mgongoni. Wengine wanasema amerogwa. Sivyo. Mwaka 1957 huko Kampala, Denis Burkitt, daktari mpasuaji na Mkristo, aliona watoto wenye uvimbe wa taya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa motokaa kama kilometa 16,000, wakiuliza katika hospitali nyingi, zikiwamo za misioni, ugonjwa huu unaonekana wapi. Wakajua kwamba huonekana zaidi katika nchi za joto na mvua, zenye malaria nyingi. Ni ugonjwa wa mwili, nao una dawa.

Sasa sikia jambo kubwa. Uvimbe huu hukua upesi sana, na kwa dawa za kwanza huweza kupungua upesi vilevile. Mzazi akiona shavu limerudi kama zamani, husema, "Amepona," akamrudisha kijijini. Baada ya muda uvimbe unarudi, na mara hii ni vigumu kuuponya. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema kwamba katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 kati ya 100 wenye kansa hupona, lakini katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Sababu moja ni kuchelewa, na nyingine ni kuacha dawa katikati. Mama akimwona kambini mtoto wa mwingine aliyemaliza dawa zote, sasa anacheza mpira, atapata moyo wa kurudi hospitali. Kwa hiyo kambi si mchezo tu.

Jitayarishe hivi:

1. Mwulize daktari kwanza. Yako majuma ambayo dawa hudhoofisha damu, na mtoto hawezi kushindana na magonjwa. Juma lile abaki. Wala siku ya dawa isirukwe kwa ajili ya kambi.

2. Mwambie mtoto ukweli kwa maneno mafupi: ugonjwa wake unaitwaje, atalala wapi, utamchukua siku gani. Mtoto aliyedanganywa hataamini tena, hata sindano ikija.

3. Waambie ndugu zake na mwalimu, ili asichekwe kwa kichwa chake. Mpe kofia.

4. Tuma dawa zake pamoja na karatasi ya hospitali, chandarua, na maji yaliyochemshwa. Mtoto mwenye surua au tetekuwanga asikaribie kambi.

5. Akipata homa, apelekwe hospitali saa ile ile. Usingoje asubuhi. Usimpe dawa ya kienyeji. Kwa hiyo kambi iwe karibu na hospitali. Na kwa kuwa njia zetu hazina usalama siku zote, watoto wa Beni wakusanyike Beni, na wa Butembo wabaki Butembo.

6. Mwache acheze. Usimwite kila dakika. Akichoka, ataketi mwenyewe.

Wengine wanauliza, "Na yule ambaye hatapona?" Ni kweli, wako wasiopona, wala tusiwadanganye wazazi. Lakini mtoto huyo bado ni mtoto. Siku zake zikiwa chache, ni haki yake zaidi kuziishi pamoja na wenzake, akiimba, kuliko kuzimaliza gizani peke yake. Daktari akiruhusu, na maumivu yake yakipata dawa, mleteni.

Wazee wa kanisa, kumbukeni habari ya Marko sura ya 10. Bwana Yesu aliwakasirikia wanafunzi waliowazuia watoto, wala hakuuliza ni yupi mzima na yupi mgonjwa. Kabla ya likizo ijayo, ulizeni katika kila mtaa: ni mtoto gani amefichwa? Nendeni kwake, ketini na wazazi wake, mkaandike jina lake pamoja na wengine.