Alama 32 na Kilio cha Nyalenda

Wapo wenzetu katika harakati hizi wanaoishangilia ripoti ya Transparency International kwa kuwa Kenya ilipanda kutoka alama 31 mwaka 2023 hadi 32 kati ya 100 mwaka 2024. Twawasihi wasipige vigelegele mapema.

Alama hiyo haikupimwa kama samaki wapimwavyo kwenye mizani pale Dunga. Shirika hukusanya tathmini za taasisi nyingine, zisizozidi 13, huzigeuza zote zifuate kipimo kimoja, kisha hutafuta wastani. Nchi yenye tathmini pungufu ya 3 haitiwi orodhani. Wanaoulizwa ni wataalamu na wafanyabiashara wakubwa. Mama muuza samaki anayedaiwa kitu kidogo na askari haulizwi. Tena shirika lenyewe hutangaza kadirio la kosa la kila alama, na alama 1 humezwa humo. Ushindi uko wapi?

Hatusemi ripoti itupwe. Sisi mawakili twajua thamani ya shahidi wa pili, na wa tatu. Lakini ripoti hii hupima maoni juu ya rushwa tu. Mtoto wa miezi 6 aliyepigwa na polisi nyumbani kwao Nyalenda, Agosti 2017, akafa, hayumo katika wastani huo. Yumo katika kumbukumbu za mahakama ya Kisumu, kwa kuwa wazazi wake walithubutu kutoa ushahidi. Februari 2019 uchunguzi uliwatwika makamanda wa polisi lawama.

Kila parokia na ifungue daftari: tarehe, mahali, nambari ya askari, kiasi kilichodaiwa.