Hawezi Kushukuru Asiyetazama

Neno asante tumelitumia hata likachakaa kama sarafu iliyopita mikononi mwa watu wengi. Hulitamka abiria anaposhuka matatu, hulitamka mwanafunzi anapoazimwa kalamu, na hulitamka mgeni wa heshima anapokabidhiwa kipaza sauti. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kusita wakajiuliza neno hili linasema nini? Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni "umetenda vyema". Kwa hivyo anayesema asante haonyeshi adabu tu, bali anatoa hukumu. Anashuhudia kwamba ameliona tendo, amelipima, na amelikuta kuwa jema. Nayo hukumu ya mtu ambaye hakuyaona yaliyotendeka ni hukumu ya namna gani?

Hapo ndipo ulipo msingi wa hoja yangu. Shukrani na kuwapo ni ndugu wa tumbo moja. Mtu ambaye mwili wake uko hapa lakini moyo wake uko kwingine hawezi kushukuru, kwa sababu hakuna alichokiona. Na sioni mahali ambapo maradhi haya yameota mizizi kama katika shule zetu.

Hebu tuanze na salamu. Hujambo ni swali: je, huna jambo lolote linalokusumbua? Katika mwambao wetu, salamu haikomei hapo. Mtu huulizwa habari za nyumbani, za watoto, na za tangu walipoagana, na aulizaye husimama akangoja kujibiwa. Sasa ingia darasani asubuhi. Mwalimu anafika, wanafunzi wanasimama, na "Hatujambo, mwalimu" inatoka kwa sauti moja kabla mwalimu hajainua macho kutoka vitabuni. Aliyelala na njaa amesema hajambo. Aliyefiwa na nyanya yake juma lililopita amesema hajambo. Kisha majina yanaitwa, na kila mmoja anajibu, "Nipo!" Naam, yupo, lakini daftari la mahudhurio huhesabu miili, wala halina safu ya kuandikia mioyo.

Sisemi haya ili kumtwika mwalimu lawama zote. Mwenye wanafunzi sitini, marundo ya vitabu vya kusahihisha na mkopo usiokwisha ana haki ya kuchoka. Wala mwanafunzi naye si malaika. Mtazame anapoandika insha. Ameambiwa asimulie safari yake ya kwenda shuleni. Anaanza kwa jua kuchomoza mashariki, umande kumetameta na ndege kutumbuiza, maneno aliyoyakariri tangu shule ya msingi. Lakini asubuhi hiyo hiyo kulikuwa na ukungu na manyunyu! Amepita kando ya mwanamke aliyekuwa akipanga sukumawiki gizani, amepita mlinzi aliyekuwa akijikunyata kando ya makaa, na hakumwona hata mmoja wao. Alfajiri ya kweli imempita, akaenda kuazima alfajiri ya kitabuni. Mwalimu wa Kiswahili akitaka kujua kwa nini insha arubaini zinafanana kama mayai, asitafute kosa katika sarufi. Kosa limo machoni.

Isitoshe, tumewafunza vijana kuishi katika siku ambazo hazijafika. Mtoto wa darasa la nne alikuwa akiishi kwa ajili ya KCPE hadi mtihani huo ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mfumo wa 8-4-4 unaondoka na mtaala mpya umeingia, lakini desturi ya kuiona leo kama daraja la kuvukia tu haijaondoka. Wa msingi anaitazama sekondari, wa sekondari anakitazama chuo kikuu, wa chuo anaitazama kazi, na mwenye kazi anatazama siku ya kustaafu. Hatimaye mstaafu huketi kivulini na kuanza kusimulia uzuri wa siku za shule! Kujiandaa kwa kesho ni busara, lakini mshika mbili moja humponyoka, na hii inayotuponyoka ndiyo pekee tuliyo nayo mkononi.

Kama kuna aliyesahau thamani ya siku ya kawaida, na akumbuke mwaka wa 2020. Mnamo Machi mwaka huo, shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Madarasa machache ya watahiniwa na ya wanafunzi wa gredi ya nne yalirudi Oktoba, na wengine wote wakangoja hadi Januari 2021. Katika miezi hiyo, vitu tulivyokuwa tukivinung'unikia vikageuka kuwa vya kutamanika: kengele ya asubuhi, foleni ya uji, mzaha wa jirani dawatini, hata sauti ya mwalimu mkali. Hakuna kilichokuwa kimeongezeka thamani. Ni macho yetu yaliyofunguka, na hayakufunguka mpaka tulipopokonywa. Je, ni lazima tungoje msiba mwingine ndipo tuone?

Najua kuna watakaonikabili kwa pingamizi nzito. Watasema kwamba wimbo wa shukrani huimbiwa maskini ili asinzie. Kwamba mwalimu anapodai mshahara huambiwa ashukuru kuwa ana kazi, na mwanafunzi anapolalamikia chakula kibovu huambiwa wenzake wanakosa hata hicho. Pingamizi hii ina ukweli, na mwenye kuipuuza hajaitazama nchi hii. Walimu walipogoma mwaka wa 1997 wakidai nyongeza ya mishahara, hawakuwa watovu wa shukrani. Walikuwa watu waliojua thamani ya kazi yao.

Lakini huko si kushukuru. Huko ni kunyamazishwa, nako kunyamazishwa huhitaji macho yafumbwe, ilhali shukrani huhitaji yafumbuliwe. Chukua mfano wa Siku ya Walimu Duniani, ambayo imeadhimishwa kila tarehe 5 Oktoba tangu mwaka wa 1994. Wengi huidhania kuwa siku ya maua na hotuba. Kwa hakika, siku hiyo ni ukumbusho wa mapendekezo ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani yaliyopitishwa tarehe kama hiyo mwaka wa 1966, kuhusu hadhi ya walimu: mafunzo yao, mishahara yao na hali zao za kazi. Yaani waliotuwekea siku ya kumwambia mwalimu "umetenda vyema" waliijenga juu ya haki zake. Asante inayomwona mtu hukiona pia kiatu chake kilichotoboka. Asante isiyokiona ni makofi tu.

Basi tufanyeje? Sipendekezi somo jipya wala kamati. Mwalimu aingiapo darasani, kabla ya kuitikia salamu, na apitishe macho juu ya nyuso zilizo mbele yake. Haitamchukua hata dakika moja, na humo ataona asiyekuwa hajambo. Simu yake na ikae mfukoni hadi kipindi kiishe. Kila Ijumaa, badala ya insha ya kurasa mbili, wanafunzi na waandike sentensi tatu: nani alinitendea jambo jema juma hili, alitenda nini hasa, na lilimgharimu nini. Sentensi ya tatu ndiyo ngumu, kwa kuwa humlazimu kijana kumfikiria mpishi anayeamka saa kumi ya alfajiri kukoroga uji wa shule nzima, huku siku ya kufunga shule makofi yakienda kwa mgeni aliyechelewa saa tatu. Asiruhusiwe methali wala tashbihi ya kukariri. Atayaona aliyokuwa akiyapita, na insha zake nazo zitapona.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Usia huo alipewa mtenda wema. Aliyetendewa hakuambiwa akae kimya, na wahenga hao hao walimkumbusha kwamba shukrani ya punda ni mateke. Muhula una majuma machache, na nyuso zilizo darasani leo hazitakusanyika tena zote pamoja baada ya kuhitimu. Anayetaka kumwambia mwenzake, mwalimu wake au mwanafunzi wake kwamba ametenda vyema, na amtazame kwanza, kisha amwambie angali yupo.