Minyoo Yetu, Nobel Yao

Nilikuwa na miaka 22, nimeacha chuo kwa sababu ya karo, nikapata kibarua cha kuzunguka vijijini na tableti nikiuliza watu maswali. Jana ulikula mara ngapi? Una kuku wangapi? Mwezi uliopita ulikata tamaa mara ngapi? Masaa mawili na nusu. Nilipomaliza, mama mwenye boma akaniuliza swali lake moja: "Mwanangu, na majibu mtatuletea lini?" Nikamwambia, "Tutarudi, Mama." Nilidanganya. Hakuna mtu aliyekuwa na mpango wa kurudi.

Unamjua Michael Kremer? Kama hujasoma uchumi pengine humjui. Lakini kama ulikuwa shule ya msingi Busia mwishoni mwa miaka ya tisini, pengine uko kwenye data yake. Huyu Mmarekani alikuja Kenya kijana, miaka ya themanini, akafundisha sekondari magharibi mwa nchi. Baadaye akarudi akiwa msomi. Shule 75 za Busia, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, ziligawanywa makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza likaanza kupewa dawa ya minyoo 1998, la pili 1999, la tatu likangoja hadi 2001. Mwaka wa 2004 yeye na Edward Miguel wakachapisha matokeo katika jarida la Econometrica: utoro ulipungua kwa robo, na hata watoto ambao hawakumeza dawa walifaidika, kwa kuwa wenzao hawakuwa wakieneza minyoo tena. 2019 Kremer akapewa Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Sasa, mimi si wale wa kusema wazungu wanatupima kama panya halafu basi. Mtoto akitolewa minyoo ni mtoto ametolewa minyoo. Ugomvi wangu ni kwamba taaluma hii imejengwa juu ya safari ya kwenda tu. Data yetu hupanda ndege, lakini kurudi hairudi hata na matatu.

Chukua utafiti wao mwingine, ule wa vitabu, wa Kremer, Paul Glewwe na Sylvie Moulin. Shule za huko huko magharibi zilipewa vitabu vya kiada. Ikaonekana vilisaidia tu wanafunzi waliokuwa mbele tayari. Kwa nini? Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi Kiingereza ni lugha ya tatu. Ugunduzi mzuri kabisa! Kisha ukachapishwa 2009, kwa Kiingereza, kwenye jarida la Marekani. Manze, si hata aliyeandika alicheka kidogo?

Na wakati mwingine si vitabu, ni maji. 2020 watu walikasirika waliposoma kuhusu utafiti wa Kayole Soweto, Nairobi, ambapo nyumba zenye deni la maji zilichaguliwa kwa nasibu, zingine zikakatiwa, ili ionekane kama landilodi atalipa. Wapangaji ndio waliobaki na mitungi mitupu. Waandishi walijitetea kwamba taratibu zilifuatwa na kampuni ya maji ilikuwa na haki ya kukata. Sawa. Lakini mpangaji wa Kayole alisaini wapi?

Najua jibu: idhini ilipatikana, chifu alijulishwa, wizara ilipewa ripoti. Chifu si kijiji, bwana. Mimi mwenyewe niliwasomea watu ile karatasi ya idhini mbio mbio kwa sababu nilikuwa na watu watano wa kumaliza kabla ya giza.

Ninachotaka si kikubwa. Kabla profesa hajalipwa awamu ya mwisho ya ufadhili, aje barazani aseme alichopata, kwa Kiluhya, Kijaluo au Kiswahili, hata kama alichopata ni kwamba mradi haukusaidia. Viti vya kukodi na chai ya watu mia haviwezi kushinda bei ya tikiti moja ya ndege kutoka Boston. Na waliouliza maswali juani waandikwe majina.

Ule utafiti niliofanyia kibarua umeshatoka. Rafiki yangu aliye bado chuoni amenitumia nakala, maana kuusoma ni kulipa kwa dola. Nimeanza kuutafsiri. Nimekwama ukurasa wa tisa, kwenye jedwali ambalo, nadhani, yule mama yumo.