Neno la Mhariri: Reli Iliyozaliwa na Vikwazo

Tangu vikwazo vya Umoja wa Mataifa dhidi ya Iran virejee mwishoni mwa Septemba 2025, makala zinazofika mezani kwangu zina wimbo mmoja: vikwazo ni balaa, na siku vikiondolewa mambo yatarudi kama zamani. Wimbo huu niliusikia Julai 2015 makubaliano ya Vienna juu ya nyuklia ya Iran yalipofikiwa, nikausikia tena Januari 2016 vikwazo vilipoondolewa, na Mei 2018, Trump alipoitoa Marekani katika makubaliano hayo, ukageuka kuwa maombolezo. Mimi naandika kutoka Kisawasawa, kijiji cha bonde la Kilombero ambako reli ya TAZARA inapita, na kwa hiyo siuamini. Hiyo zamani ya kurudia haipo.

Mkulima wa mpunga hahitaji profesa wa kumweleza jambo hili. Ukiziba jaruba moja, maji yanaingia la jirani. Jirani naye hakai akiyatazama, anapanda. Ukija kuzibua wakati mpunga wake umechanua, la kwako linapata maji na la kwake linapasuka nyufa. Katika makala kumi na saba nilizosoma kwa ajili ya toleo hili, ni tatu tu zilizomkumbuka jirani.

Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia Novemba 1965, na Umoja wa Mataifa ukaweka vikwazo vya lazima mwaka uliofuata, Zambia ndiyo iliyobanwa mapema. Shaba yake ilikuwa ikitokea kusini, na mafuta yake yalikuwa yakiingilia huko huko. Malori yakaanza kuvuka Tanganyika nzima na mapipa ya mafuta kwa barabara ambayo madereva waliiita ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA likaanza kazi 1968. Benki ya Dunia ilikwisha kusema reli ya kwenda Zambia, ndiyo TAZARA yetu, haitalipa. Wachina wakaijenga kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Katikati ya ujenzi, Januari 1973, Smith akafunga mpaka wa Zambia, na Rais Kaunda wa Zambia akakataa kuutumia hata ulipofunguliwa. Hata hivyo, Oktoba 1978 alilazimika kurudi njia ya kusini, maana mbolea ilikuwa haifiki kwa wakati kwa wakulima wake. Kisa hicho cha mbolea kinanifundisha mengi zaidi juu ya vikwazo kuliko hotuba zote za Baraza la Usalama.

Huku bondeni reli haikupita kama mgeni wa siku moja. Karakana ya Wachina ya Mang'ula ilibaki ikawa kiwanda cha zana. Wakati wa operesheni ya vijiji watu walisogezwa kandokando ya njia, na sababu mojawapo ilikuwa kuilinda dhidi ya hujuma za makaburu na walowezi. Kisha ikaja biashara ambayo haikuwemo katika mpango wa mtu yeyote Beijing, Lusaka wala Dar es Salaam. Mama yangu alikuwa akipakia mchele Mang'ula na kuushusha Makambako, kisha anarudi na maharage na viazi. Shazia ya kushonea magunia aliichomeka kwenye pindo la khanga, kwa sababu gunia likipasuka jukwaani hakuna wa kukungoja. Alijua kwa mlio wa honi kama treni inayokuja ni ya abiria au ya mizigo. Karani wa vifurushi alimjua kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Tulisomeshwa kwa behewa lile.

Behewa lile lilikwenda kwa sababu nyuma yake kulikuwa na shaba. Abiria na vifurushi havikuwahi kulipia mafuta ya injini. Na shaba ilipita kwetu kwa sababu kusini kulikuwa na Smith, na baada ya Smith, makaburu. SADCC, umoja wa nchi za kusini mwa Afrika, ilipoanzishwa Lusaka Aprili 1980, shabaha yake ya wazi ilikuwa kupunguza utegemezi kwa Afrika Kusini, na misaada ya kukarabati TAZARA ilimiminika kwa hoja hiyo. Mwaka 1986 reli ilibeba zaidi ya tani milioni moja.

Sasa tufike kwenye tarehe ambayo nimeshindwa kuwashawishi waandishi wangu waizingatie. Tarehe 10 Julai 1991 Afrika Kusini ilijiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia. Siku hiyo hiyo Rais George H. W. Bush akaondoa vikwazo vya kiuchumi vilivyowekwa na Bunge la Marekani 1986. Sisemi moja lilikuwa bei ya jingine. Sheria ya 1986 ilikuwa na masharti yake, likiwemo la kuachiwa Mandela. Lakini mambo hayo mawili yalisafiri pamoja. Machi 1993 Rais De Klerk alikiri kwamba nchi yake ilitengeneza mabomu sita ya nyuklia na kuyafumua. Oktoba mwaka huo, baada ya Mandela mwenyewe kuomba, Umoja wa Mataifa ukaondoa vikwazo vyake vya kiuchumi. Hii ndiyo Iran yetu, iliyotangulia kwa zaidi ya miaka ishirini, na matokeo yake tumekwisha kuyaona kwa macho.

Tulishangilia, na tulistahili kushangilia. Wapigania uhuru wa ANC waliishi Mazimbu na Dakawa, mkoa wetu huu huu wa Morogoro, na wengine wamezikwa Mazimbu. Hakuna mtu wa bonde aliyetamani ubaguzi wa rangi udumu hata siku moja ili treni ipate mzigo. Ila mzigo ulikwenda. Njia za kusini zikafunguka, wafadhili wakapata miradi mingine, na TAZARA ikaachwa ijitafutie. Kufikia 2014/15 tani zilizobebwa kwa mwaka zilikuwa chini ya laki moja. Najua zipo sababu nyingine: uzalishaji wa shaba Zambia uliporomoka, malori yaliruhusiwa kushindana, injini zilichakaa bila vipuri. Nazikubali zote. Ninachokataa ni mtu kuniorodheshea hizo halafu akaiacha ile ya kwanza, kwamba reli iliyojengwa kuwakimbia makaburu ilibaki bila kazi makaburu walipoondoka, na kwamba hakuna kikao kilichokaa kuulizana watu wa kandokando ya njia watakula nini.

Ndiyo maana natamani wachambuzi wa Iran waitazame Dubai kabla ya Tehran. Miaka ya vikwazo imezaa huko wauzaji, madalali, majahazi na mawakala wanaoishi kwa kuvusha kile kisichopita mlangoni. Mwaka 2012 mkono wa biashara hiyo ulifika Unguja: wakala aliyekuwa Dubai alisajili meli 36 za mafuta za Iran chini ya bendera yetu, mbunge wa Marekani Howard Berman akamwandikia Rais Kikwete, na usajili ukafutwa. Mwandishi wetu wa Unguja anaisimulia habari hiyo kama fedheha ya ofisi. Nimeichapisha kama alivyoileta, ila mimi naisoma kama habari ya jaruba la jirani.

Makala ya Mombasa inaeleza vizuri jinsi Kenya ilivyokubali mafuta ya Iran katikati ya 2012 na kughairi baada ya siku chache. Ya ndege inatukumbusha kwamba Iran Air iliagiza Airbus na Boeing kwa makumi na ikaambulia Airbus tatu tu na ndogo kumi na tatu za ATR. Ya Burundi isomwe na kila Mtanzania: Julai 1996 sisi wenyewe, na majirani zetu, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi, tulimwekea Buyoya, mtawala wa huko, vikwazo, tukaviondoa Januari 1999.

Mwezi ule ule wa Septemba 2025 vikwazo vya Iran viliporejea, Tanzania na Zambia zilitia saini na Wachina mkataba wa dola bilioni 1.4 wa kuifufua TAZARA, huku Marekani na Ulaya zikisukuma njia ya reli ya Lobito, kule Angola. Hoja mezani ni shaba tena, na mashindano ya wakubwa tena. Nimewaomba watu wanne waandike juu ya treni ya abiria katika mkataba huo, kwamba itasimama wapi, mara ngapi, na kwa nauli gani ya kifurushi. Wote wameniandikia juu ya shaba.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza nimempa mstaafu wa TAZARA aliyefanya kazi kati ya Mang'ula na Mlimba. Wenzangu wa chumba cha habari walitaka nipunguze sehemu yake ya behewa la vifurushi, kurasa nne nzima za magunia, matenga ya kuku na stakabadhi. Sikupunguza hata mstari.