Kuruhusiwa Hospitali Si Kupona

Hapa Nyabibuye, wilayani Kakonko, mgonjwa akisharuhusiwa, watu hutoa pole ya mwisho na kurudi shambani. Siwalaumu, kwa sababu msimu wa maharage haumsubiri mtu. Ila mimi ni mama wa kijana mwenye selimundu, na najua kwamba siku ya kuruhusiwa ndiyo siku kazi inapotoka mikononi mwa wauguzi na kuhamia kwangu. Tunahangaika kweli kumwokoa mgonjwa wodini, kisha tunamrudisha kijijini mikono mitupu. Hilo ndilo linaloniuma.

Ugonjwa huu mtoto huurithi kwa baba na mama, ambao wenyewe huenda hawajawahi kuusikia mwilini. Chembe nyekundu za damu ya mtu mwenye afya huishi takriban siku 120. Za mwanangu hufa baada ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana damu humpungua na macho kuwa ya njano. Zikijikunja na kuziba mishipa midogo, mifupa huuma hadi shuka ikimgusa analia. Baridi huuamsha ugonjwa, vilevile kiu, homa na uchovu. Na huku kwetu milimani alfajiri za Juni na Julai ni kali, wakati malaria nayo haina likizo.

Wapo wanaoniuliza ni nani ametuloga. Huwajibu kwa habari za mtafiti Anthony Allison, ambaye mwaka 1954, baada ya kupima damu za watu wa Afrika Mashariki, alieleza kwamba aliyerithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ugonjwa umekaa sana kwenye nchi za malaria kwa sababu hiyo. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Mchawi gani angeweza kazi hiyo?

Wiki za kwanza nyumbani ndizo ngumu. Mtoto amerudi na damu ya kuongezewa, lakini miguu haina nguvu na usiku anashtuka. Maji ya kunywa nayachemsha jioni, nampimia kwenye chupa na kuhakikisha imeisha kabla ya jua kuzama. Kuoga ni mchana, maji ya moto. Goti likianza kuuma, nalikanda kwa kitambaa chenye joto na kumpa dawa ya maumivu mapema, nisisubiri alie. Mwanangu alipokuwa mdogo, muuguzi mmoja aliushika mkono wangu, akauweka chini ya mbavu za kushoto za mtoto na kunionyesha namna ya kulipapasa bandama. Likivimba ghafla na mtoto akapauka, ni kukimbia hospitali. Somo lile la dakika chache limetufaa kuliko karatasi nyingi tulizopewa. Kila mama angepaswa kufundishwa kabla ya kutoka wodini.

Shuleni, mwalimu mmoja alimwita mvivu kwa kuwa jana yake alimwona akicheza. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo: leo mzima, kesho hainuki. Mwalimu asiyeelezwa atajuaje? Hospitali ikimwandikia barua fupi kwamba mtoto anywe maji darasani, aende msalani anapotaka na asipewe kazi za mvuani, haitatumia hata shilingi mia.

Nchi imepiga hatua, na nafurahi kwa moyo wote. Muhimbili wana programu ya selimundu tangu 2004. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye ugonjwa huu. Ila wengi wetu hatutafika huko. Kinachotufaa ni kidonge cha haidroksiyurea. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ukachapishwa 2019, ulionyesha kwamba watoto waliokitumia walipungukiwa na maumivu, kuongezewa damu, malaria na hata vifo. Kinahitaji mtoto apimwe damu mara kwa mara, kwa hiyo kinahitaji kliniki iliyo karibu. Mkulima anayepakia mtoto kwenye bodaboda kwenye barabara ya tope, kisha apande gari hadi mjini, ataruka mwezi mmoja, halafu miwili, na mwisho maumivu ndiyo yatakayomrudisha wodini.

Halafu kuna gharama. Sera inamsamehe mtoto wa chini ya miaka mitano. Akifikisha miaka mitano msamaha huo wa umri unakwisha, ugonjwa haukwishi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Kwa mgonjwa kama wetu, bima itakuwa na maana endapo dawa ya kila siku itapatikana pale anapoishi, si kitanda tu akishazidiwa.

Madiwani wa Kakonko, Kibondo na Kasulu, mnapokaa kwenye bajeti ulizeni mambo matatu: kituo gani cha afya kina siku ya kliniki ya selimundu kila mwezi, haidroksiyurea na vitamini ya foliki asidi vimeagizwa kwa kiasi gani, na mgonjwa anayeruhusiwa leo atapigiwa simu na nani wiki ijayo. Nasi wananchi tukachangie damu, wanaume kila baada ya miezi mitatu, wanawake minne. Shule zikifungwa, benki za damu hupungukiwa, kwa sababu wanafunzi wa sekondari ndio wachangiaji wetu wakubwa. Tusiwaachie watoto peke yao.