Kuinamisha Macho Si Hila

Liko jambo linalowaudhi wengi na kusemwa na wachache. Wamezuka miongoni mwa mabwana na mabibi wanaokaa katika majopo ya usaili watu wanaojidai kuwa wasomaji wa viungo. Kijana akiingia kuomba kazi, hawashughuliki sana na maneno yake. Huangalia macho yameelekea wapi, mikono imetulia au yachezacheza, ameketi wima au amejikunyata. Kisha hukata hukumu: huyu amekariri majibu. Alama zake zimekwisha hapo.

Elimu hiyo wameipata wapi? Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Charles Bond na Bella DePaulo, walikusanya matokeo ya majaribio mengi ambamo watu walitakiwa kupambanua mkweli na mwongo pasipo msaada wo wote, illa kumtazama na kumsikiliza. Katika kila hukumu 100, zilizokuwa sawa zilikuwa 54. Mwenye kurusha sarafu angepata 50. Wala watu ambao kazi yao ni upelelezi hawakuwapita wengine. Basi mtu aliyeizidi sarafu kwa nne tu ndiye anayemnyima mtoto wa mwenzake riziki!

Mwaka huo huo ulitangazwa uchunguzi mwingine, ambao watu wa nchi 58 waliulizwa mwongo hujulikana kwa alama gani. Iliyotajwa kuliko zote ni kwamba hakutazami usoni. Hapo ndipo penye uchungu wetu. Ni nani katika sisi ambaye hakukaripiwa utotoni kwa kumkodolea macho mtu mzima anayesema naye? Mtoto hulelewa katika nyumba ambamo kumkazia mkubwa macho ni ujeuri. Hutoa shikamoo akiwa ameinama. Hupita darasa baada ya darasa kwa adabu hiyo hiyo. Halafu siku moja huketishwa mbele ya watu wazima watano waliojipanga safu moja, na adabu yake yageuzwa ushahidi wa hila. Waliomfunza ni sisi. Wanaomwadhibu ni sisi pia.

Tena mara nyingine aulizwa kwa Kiingereza. Akinyamaza kidogo na kutazama dari, anatafuta neno. Wao husema anatafuta ukurasa.

Na hata kukariri kwenyewe, tangu lini kujitayarisha kumekuwa kosa? Sisi wenyewe twajiandalia hotuba ya dakika tano kwa usiku mzima. Hatukatai kwamba wako wanaokuja na majibu ya kuazima, wakajisifu kwa kazi wasiyoifanya. Lakini hao hawanaswi kwa kutazamwa mikono. Hunaswa kwa swali. Mtu akisema alisimamia ghala, aulizwe: siku hesabu ya leja ilipotofautiana na mali iliyopo, ulimwarifu nani, ukaandika wapi, upungufu ulikuwa wa kitu gani? Aliyeazima atarudia maneno yake ya kwanza. Aliyefanya kazi, hata akigugumia na kutazama sakafu, atakutajia mifuko ya saruji iliyolowa mvua. Ila swali la namna hiyo lataka msaili aliyesoma maombi kabla ya kuingia chumbani, na kutazama macho ni kazi nyepesi zaidi.

Mwaka 2022 wataalamu walipopima upya njia za kuchagua wafanyakazi, usaili wa maswali yaliyopangwa mapema, yanayoulizwa kila mtu, ndio uliotangulia njia nyingine zote. Hata kampuni ya Marekani iitwayo HireVue, iliyokuwa ikipima nyuso za waombaji kwa mashine, ilitangaza mwaka 2021 kwamba imeiacha kazi hiyo. Mashine imepumzishwa; mjumbe wetu yungali anapima.

Twataka, basi, karatasi ya alama isiwe na mstari wa macho wala wa mkao. Kila msailiwa aulizwe maswali yale yale, kisha achimbwe kwa aliyoyasema mwenyewe. Na mjumbe ye yote anayeandika "amekariri" aandike chini yake swali alilomfuatishia na jibu alilopewa. Asipokuwa nalo, alama zirudishwe kabla jopo halijaondoka chumbani.